Kosa la Mtoto Lina Sababu Yake
Somo kwa wanaojiandaa kuwa walimu, na kwa wote wanaolea watoto



Kila mwaka vijana kadhaa wa mtaa wetu hutuaga na kwenda vyuo vya ualimu. Wengine hubaki nasi na kushika kazi ya kufundisha Shule ya Jumapili. Nasi wengine, tusio na cheti chochote, twafundisha kila siku pasipo kujua: jikoni, shambani na njiani. Somo hili ni letu sote, lakini hasa ni lenu ninyi vijana ambao karibuni mtasimama mbele ya darasa kwa mara ya kwanza, chaki mkononi.

Neno ninalotaka kulisema ni moja tu. Mtoto akikosea, mara nyingi hakukosea ovyo. Alifikiri, akaifuata njia aliyoiona mbele yake, na njia ile ikamfikisha pasipo sahihi. Kazi ya mwalimu si kumwambia tu kwamba amepotea, bali kurudi naye mpaka pale njia zilipoachana. Mwalimu asiyejua hili aweza kumwumiza mtoto kwa muda mrefu, naye mwenyewe akadhani anafanya kazi yake. Nayasema haya kwa sababu mimi nilifanya hivyo.

1. Kisa cha daftari

Katika mwaka wangu wa kwanza wa kufundisha nilipewa darasa la pili, watoto zaidi ya sitini katika chumba kimoja. Siku moja niliwasomea namba ili waziandike kwa tarakimu: ishirini na tatu, arobaini na tano, sitini na nane. Nilipokusanya madaftari nikakuta binti mmoja ameandika 203, 405, 608. Nikazitia zote alama ya kosa kwa wino mwekundu. Kisha nikamsimamisha mbele ya wenzake, nikawaonyesha daftari lake. Watoto wakacheka. Nami nikasema, “Huyu kichwa chake kigumu.”

Juma lililofuata nikasoma namba nyingine, naye akaandika vile vile. Safari hii nikamchapa kwa rula kiganjani, maana nilimdhania kuwa mzembe asiyesikia. Baada ya hapo alianza kukosa shule siku moja moja, kisha siku nyingi zaidi. Mwaka uliofuata hakurudi. Sisemi kwamba aliacha shule kwa ajili yangu peke yangu. Kwao kulikuwa na shida nyingine. Lakini sikumsaidia kubaki. Na katika siku zote zile sikumwuliza hata mara moja, “Mwanangu, umefikirije mpaka ukaandika hivi?”

2. Binti yule alifikirije?

Tazameni kazi yake tena, pasipo wino mwekundu. Alijua kwamba ishirini huandikwa 20. Alijua kwamba tatu huandikwa 3. Akasikia “ishirini na tatu”, akaandika 20, akaandika na 3, ikawa 203. Hakubahatisha. Alifuata kanuni, tena aliifuata kwa uaminifu katika namba zote. Ndiyo maana makosa yake yalifanana. Mtoto anayebahatisha hukosea huku na huku. Mtoto mwenye kanuni isiyo sahihi hukosea kwa mpango. Hili ni jambo la kwanza mwalimu apaswalo kulitazama: je, makosa haya yana mpango?

Tena lugha yetu ina jambo lake. Tukisema kumi na moja, kumi na mbili, kumi na tatu, namba yenyewe yajieleza waziwazi: kumi moja, na zaidi yake kidogo. Lakini ishirini, thelathini, arobaini na hamsini ni maneno yaliyotoka katika Kiarabu. Mtoto asikiapo “ishirini” hasikii mbili wala kumi ndani yake. Hana cha kumwambia kwamba ishirini ni makumi mawili, na kwamba ile 2 ya mwanzo yasimama mahali pa makumi. Hapana budi aonyeshwe kwa macho na mikono. Mimi sikumwonyesha, nilimwandikia tu ubaoni na kumwambia akariri.

3. Mtu aliyesikiliza majibu yasiyo sahihi

Jean Piaget alizaliwa Neuchâtel, nchini Uswisi, mwaka 1896. Kwanza alisomea elimu ya viumbe, hasa jamii ya konokono. Mwaka 1919 alikwenda Paris, akapewa kazi ya kuwapima watoto wa shule kwa maswali ya akili. Kazi yenyewe ilikuwa kuhesabu majibu sahihi. Lakini Piaget akavutwa na yale yasiyo sahihi, kwa kuwa aliona watoto wa umri mmoja hukosea kwa namna moja. Basi akaanza kuwauliza sababu na kuyasikiliza maelezo yao. Kazi hiyo aliiendeleza mjini Geneva, na alikufa huko mwaka 1980.

Jaribio lake moja mwaweza kulifanya nyumbani jioni ya leo. Chukua bilauri mbili zilizo sawa, utie maji sawasawa. Mwulize mtoto wa miaka mitano kama maji ni sawa. Atasema ni sawa. Sasa, mbele ya macho yake, mimina maji ya bilauri moja katika chombo chembamba na kirefu, kisha umwulize tena. Wengi wa umri huo watakuambia kwamba katika chombo kirefu maji ni mengi zaidi, kwa maana yamepanda juu. Mtoto wa miaka minane atakushangaa: “Ni yale yale, umeyahamisha tu.” Yule mdogo si mjinga kuliko huyu. Akili yake bado yaongozwa na kile jicho linachoona, wala haijaweza kuyarudisha maji nyuma kimawazo.

Kutokana na uchunguzi kama huu Piaget aligawa makuzi ya akili katika hatua nne:

(a) Tangu kuzaliwa hadi kama miaka 2, mtoto huijua dunia kwa kushika, kunyonya, kutupa na kutambaa.

(b) Kati ya miaka 2 na 7, hupata lugha na michezo ya kuigiza. Kijiti huwa gari, na gunzi huwa mwana wa kubebwa mgongoni. Lakini bado hushikwa na sura ya nje ya vitu.

(c) Kati ya miaka 7 na 11, aweza kupanga, kulinganisha na kurudisha mambo nyuma akilini, mradi vitu vyenyewe avione au avijue.

(d) Kuanzia kama miaka 11 au 12, huanza kuweza kufikiri juu ya mambo yasiyoshikika, na maswali ya namna ya “kama ingekuwa hivi”.

Hapa walimu wa Shule ya Jumapili mna la kujifunza pia. Mtoto wa miaka mitano ukimwambia awe na moyo safi, huenda akawaza habari za maji na sabuni. Usimcheke. Mwambie jambo analoweza kuliona likitendeka: kumgawia ndugu yake muwa, au kusema kweli kibuyu kikivunjika.

4. Hatua si kuta

Walakini, tusiifanye miaka hiyo kuwa kuta. Wako waliokuja baada ya Piaget na kuonyesha kwamba jibu la mtoto hutegemea sana namna alivyoulizwa.

Mwaka 1966 Patricia Greenfield wa Marekani alitoa habari za uchunguzi wake kati ya watoto wa Kiwolofu nchini Senegali. Baadhi ya watoto wasiokwenda shule walisema maji yamebadilika kwa sababu yeye, mtu mzima, ndiye aliyeyamimina. Alipowaacha wamimine wenyewe kwa mikono yao, wengi zaidi wakajibu kwamba maji ni yale yale.

Katikati ya miaka ya 1970, James McGarrigle na Margaret Donaldson walifanya kazi kama hiyo huko Uskochi. Katika jaribio la kawaida mkubwa hupanga safu mbili za vitu vilivyo sawa kwa idadi, kisha huitawanya safu moja na kuuliza kama bado ni sawa. Watoto wengi wa miaka minne hadi sita hukosa. Hawa wawili wakaleta kidubwana cha kuchezea, umbo la dubu, kikawa kinakuja kwa utundu na kuivuruga safu, kana kwamba si makusudi ya mwalimu. Watoto wengi zaidi wakajibu sawasawa. Sababu yake yaeleweka. Mtu mzima akigusa vitu na kuuliza swali lile lile mara ya pili, mtoto hudhani anatakiwa kubadili jibu.

Twajifunza nini? Kwamba kabla ya kusema “mtoto huyu hawezi”, mwalimu ajiulize kwanza: je, nimemwuliza kwa namna aliyoielewa? Je, ananiogopa? Je, anajibu swali langu, ama anajaribu kunipendeza?

5. Leo kwa msaada, kesho peke yake

Mwaka ule ule wa 1896 alizaliwa mtu mwingine, Lev Vygotsky, katika mji wa Orsha, nchi iitwayo leo Belarusi. Alifanya kazi Moscow, akafa kwa kifua kikuu mwaka 1934, akiwa na miaka 37 tu. Yeye alisema kwamba tukimpima mtoto kwa yale anayoweza kuyafanya peke yake, twapima jana yake. Tutazame pia yale anayoweza akisaidiwa na mkubwa au na mwenzake aliyemtangulia kidogo. Pale katikati, kati ya anachoweza peke yake na anachoweza kwa msaada, ndipo mafundisho huota mizizi.

Sisi tumelijua hili kwa vitendo tangu zamani. Binti anayejifunza kusuka ukili hapewi mkeka mzima siku ya kwanza. Bibi humwanzishia, humpa mistari michache, humshika mkono anapopotea, kisha huondoa mkono wake. Asipoondoa mkono, mtoto hajifunzi; akiuondoa mapema mno, kazi huharibika na mtoto hukata tamaa. Busara ya ualimu ni kujua wakati wa kuondoa mkono.

6. Kutoka kitu hadi alama

Mwaka 1966 Jerome Bruner wa Marekani alieleza njia tatu ambazo kwazo binadamu hushika maarifa: kwa matendo, kwa picha na kwa alama. Kosa letu walimu ni kuanzia mwisho. Twaandika 23 ubaoni, yaani alama, kabla mikono ya mtoto haijawahi kuishika ishirini na tatu.

Haya, tufundishe ishirini na tatu kwa utaratibu.

Kwanza, matendo. Kila mtoto alete vijiti ishirini na vitatu. Ahesabu kumi, afunge kwa uzi. Ahesabu kumi vingine, afunge. Vimebaki vitatu, visifungwe. Mwulize: “Mafungu mangapi? Vilivyobaki vingapi?” Afungue na kufunga tena, mpaka aone mwenyewe kwamba fungu moja ni kumi, na kumi ni fungu moja.

Pili, picha. Achore alichokiona: mafungu mawili upande wa kushoto, vijiti vitatu upande wa kulia. Chora mstari katikati, na juu yake andika Makumi na Mamoja.

Tatu, alama. Chini ya mafungu aandike 2, chini ya vijiti aandike 3. Hapo ndipo 23 itakapokuwa na maana. Mtoto aliyezoea kuandika 203 mwambie atengeneze na 203 kwa vijiti. Atahitaji mafungu kumi yafungwe pamoja kuwa mia moja, kisha mia nyingine. Ataona mwenyewe kwamba 203 ni mzigo mkubwa, na ishirini na tatu yatoshea mkononi. Kosa limejirekebisha, wala hakuna aliyechekwa.

Vijiti havigharimu kitu. Vizibo vya soda, kokwa za maembe na mbegu za ukwaju vyafaa pia kuhesabia. Mwalimu asingoje zana kutoka mjini.

7. Muuza nazi wa Recife

Mwaka 1985 wachunguzi watatu, Terezinha Carraher, David Carraher na Analúcia Schliemann, walitoa habari za watoto watano wa Recife, nchini Brazili, wenye miaka 9 hadi 15, waliokuwa wakiuza vitu mitaani. Wachunguzi wakaja kama wanunuzi na kuwauliza bei. Katika hesabu za biashara watoto wale walijibu sahihi zaidi ya 98 katika kila 100. Baadaye wakapewa hesabu za namna hiyo hiyo kwa karatasi, namba tupu, nao wakapata chini ya 37 katika kila 100.

Kijana mmoja wa miaka 12 aliulizwa bei ya nazi nne, kila moja 35. Akahesabu kichwani: nazi tatu ni 105, ongeza 30 ni 135, ongeza 5 iliyobaki ni 140. Sahihi kabisa. Alipopewa 35 mara 4 kwa karatasi, akaandika 200. Alivyofanya ni hivi: 4 mara 5 ni 20, akaandika sifuri, akaweka 2 akiba. Kisha akaiongeza ile 2 kwenye 3 kwanza, ikawa 5. 5 mara 4 ni 20. Alitakiwa azidishe kwanza, ndipo aongeze akiba. Kanuni za shule anazo zote, ila mpangilio wake umegeuka.

Mwalimu mwenye wino mwekundu angeona 200 na kusema, “Hajui kuzidisha.” Lakini yuajua kuzidisha, tena kwa njia yake mwenyewe iliyomlisha. Kinachokosekana ni daraja kati ya sokoni na karatasi. Nani atalijenga, kama si mwalimu?

8. Mambo matano ya kushika

Ninyi mnaokwenda chuoni mtafundishwa maandalio ya masomo, maazimio ya kazi na mengine mengi. Yashikeni. Pamoja na hayo, chukueni haya matano:

Moja. Uliza kabla ya kusahihisha. “Nionyeshe ulivyofanya” ni maneno mawili tu, nayo yana faida kuliko kalamu nyekundu.

Mbili. Tafuta mpango ndani ya makosa. Ukikuta kosa moja kwa watoto ishirini, huenda kosa ni la somo lako.

Tatu. Anza na anachokijua: soko, shamba, mchezo, lugha ya nyumbani. Kisha mvushe taratibu.

Nne. Saidia, halafu ondoa mkono. Katika darasa kubwa, waweke watoto wawili wawili ili aliyetangulia amwonyeshe mwenzake.

Tano. Usimpe mtoto jina la makosa yake. Sema “hesabu hii haijakaa sawa”, usiseme “wewe mjinga”. Hesabu hufutwa kwa raba, jina halifutiki.

Najua mtaniuliza: “Katika darasa la watoto themanini, nani ana nafasi ya kumsikiliza kila mtoto?” Ni swali la haki. Hutaweza kuwasikiliza wote kila siku. Lakini waweza kuwasikiliza watatu leo, na watatu kesho, na kila utakayemsikiliza atakufundisha jinsi ya kuwafundisha wengine kumi wanaofikiri kama yeye.

9. Daftari lilirudi

Yule binti amekuwa mama. Twakutana sokoni, naye huniamkia kwa heshima, “Shikamoo, mwalimu.” Siku moja alikuja nyumbani kwangu na daftari la mwanawe wa darasa la pili. Akalifungua mbele yangu. Yalikuwamo 304, 506, 702. Akaniambia, “Mwalimu, naona mwanangu amerithi ujinga wangu.”

Niliyaweka maneno yake yale moyoni, wala sikuweza kumjibu upesi. Miaka yote ile alikuwa bado analibeba jina nililompa mimi. Nikamwita mtoto, tukatoka uani kuokota vijiti. Tukafunga mafungu matatu, tukaacha vinne. Mama alikaa kwenye mkeka akitazama. Mtoto alipoandika 34, mama alichukua vijiti mkononi, akayageuza mafungu yale taratibu, kisha akasema, “Kumbe ni hivi tu?”

Nikamwambia, “Ni hivi tu, mama. Wala hukuwa mjinga. Mimi ndiye sikukuuliza.”

Maswali ya kujadiliana

1. Mtoto ameandika 42 − 17 = 35. Jaribu kutafuta alivyofikiri kabla ya kusema amekosa. Ungemwonyeshaje kwa vijiti?

2. Mtoto ameandika “mia moja na tano” kuwa 1005. Kosa hili lafanana na lipi katika somo hili?

3. Fanya jaribio la maji na watoto wawili wa nyumbani kwako, mmoja wa miaka mitano na mwingine wa miaka minane. Kisha mwache yule mdogo amimine mwenyewe. Je, jibu lake limebadilika?

4. Kumbuka jina baya ulilopewa utotoni na mwalimu au mzazi. Je, wako watoto ambao sisi nasi tumewapa majina kama hayo? Twaweza kuwaambia nini leo?